Kukariri Kilatini kwa Kuyumba

Leo nimenusurika kufukuzwa darasa la Kilatini hapa Garsen.

Mwalimu alitangaza kwamba atakayeshindwa kukariri maumbo yote ya kitenzi cha kwanza atatoka. Mwanafunzi mwenzangu Halima, mfanyabiashara wa mbuzi, akafumba macho na kuanza kuyumba mbele na nyuma, kama tulivyozoea utotoni.

"Mama, hii si madrasa," mwalimu akamkatiza.

Naam. Kukariri ukiyumba ni ushamba. Kukariri ukiwa wima kama mlingoti ndiyo elimu ya juu.

Nikasimama kumtetea.

"Basi anza wewe, msomi," mwalimu akaniambia.

Nikakwama neno la tatu.

Halima akaninong'oneza, "Yumba, kaka."

Nikayumba. Yakaja yote, tena kwa mahadhi.

Mwalimu akamgeukia Halima. "Haya, mama, endelea kuyumba."

Sasa niambieni, ninyi mliosoma wima: mnakumbuka nini?