Viatu Vyangu Vilifika Nyuma Yangu

 Mi ni fundi wa nguo hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kanisa letu lilinituma kukimbia ile mbio inayotoka upande wa Lilongwe mpaka kambini. Jua lilikuwa linapika lami! Nusu njia nyayo ziliwaka, nikavua viatu, nikasimamisha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, nikavitundika kwenye usukani, nikapanda nyuma ya dereva. Nilishashindwa, nilitaka nyumbani tu.

Nilishukia kichochoroni, nikachungulia pale mwisho wa mbio nione nani ameshinda. Kumbe hakuna aliyefika!

"Yesu wangu! Amekimbia bila biatu!" bamama wa kanisa waliponiona wakapiga vigelegele, wakanifunga kitenge shingoni. Nilitaka kusema ukweli, makelele yao yakanifunika. Pasta wetu, aliyetoka Bukavu juzi tu, akalia machozi kwenye mikro ya kutangazia.

Ghafla yule dereva wa kabaza akapenya katikati ya watu, viatu vyangu mkononi. "Bambo, mwaiwala nsapato!" Yaani, baba, umesahau viatu.

Pasta hajui Chichewa, lugha ya wenyeji wa hapa. Akaninyooshea mikro, machozi bado mashavuni: "Ndugu yetu, huyu baba anatushuhudia nini? Tutafsirie."