Mgeni Aliyekaa Kwenye Kioo cha Mgahawa Wangu

Najua wapo watakaosema huyu mama anatafuta wateja. Sawa, ninawatafuta, na nitawatafuta mpaka nizeeke. Lakini haya yamenikuta mimi mwenyewe, alasiri, jua linawaka, nikiwa na akili zangu timamu, na picha ipo mtandaoni hadi leo. Anayebisha afungue simu yake.

Nina mgahawa Ujiji, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu mama. Ninapika migebuka, samaki wa ziwani kwetu, kwa mawese na ugali wa muhogo. Nyumba ni yetu wawili, mimi na kaka yangu Ramadhani, na Ramadhani alikwisha kuniambia waziwazi: mgahawa usipopata watu, nyumba inauzwa. Mnunuzi alikwisha kumpata, bwana mmoja wa Katubuka. Nilikuwa ninalala na hofu hiyo na kuamka nayo. Nimezaliwa chumba cha nyuma cha nyumba ile, sasa niende wapi?

Ndipo fundi simu mmoja wa Mwanga akanifundisha kupiga picha ya duara. Unaisimamisha simu katikati ya chumba, unaizungusha polepole, unapiga kipande kwa kipande, ukutani, darini, sakafuni, na wewe unazunguka nyuma yake usionekane. Simu yenyewe inaviunga vile vipande. Mtu akiifungua akiwa Dodoma au Bujumbura, anatelezesha kidole tu na kujiona kasimama katikati ya mgahawa wako. Anageuka kulia, anageuka nyuma, anatazama hadi feni. Ukiiweka kwenye ramani ya mtandaoni, mgeni anayetafuta chakula anaingia kwako kabla hajafika.

Nikangoja wateja wa mchana waondoke, na walikuwa wachache kweli. Nikafagia, nikatandika vitambaa vya meza, nikaanza kuzunguka. Nilikuwa nimefika nusu niliposikia hodi nyuma yangu, sauti ya mama mtu mzima.

"Mwidiwe, mwanangu," akanisalimia kwa Kiha.

Sasa sikiliza nilivyokosea. Ukisita katikati, picha inaharibika na unaanza upya. Na sisi watu wa Ujiji tuna ugonjwa wa kukaribisha. Hata mtu anayepita na haraka zake tutamwambia karibu chakula. Basi nikajibu bila kugeuka, "Mwidiwe, mama! Karibu ndani, na wewe uingie kwenye picha upendeze."

"Nikae?"

"Kaa, mama. Kaa mpaka uchoke mwenyewe."

Nilipoufikia mlango na simu yangu, mlangoni hapakuwa na mtu. Nikamaliza kipande cha mwisho, nikageuka. Alikuwa kwenye sinki, mbele ya kioo, ananawa mikono. Amejifunga kitenge cha bluu kilicholowa hadi magotini, kama mtu aliyeshuka kwenye mtumbwi sasa hivi. Amepitaje, na chumba kizima nimekizunguka mimi? Wakati ule wala sikujiuliza. Nikaingia jikoni kumpakulia samaki. Niliporudi, bomba linatiririka na yeye hayupo. Fundi cherehani anayekaa barazani kwangu, mtu asiyepitwa na jambo la mtaa, aliapa kwamba hakuna aliyeingia wala kutoka.

Nikaona labda amekwenda zake. Nikaipandisha picha mtandaoni.

Kesho yake simu haikunyamaza. "Huyo mama kwenye kioo ni nani?" Nikafungua picha. Kwenye kioo cha juu ya sinki, pale nilipopaswa kuonekana mimi nimeinamia simu, alisimama yeye, anatabasamu kama mwenye nyumba. Nikatelezesha kidole nigeukie upande aliopaswa kuwapo. Viti vitupu. Nikarudi kwenye kioo, yupo. Na kipande chenye kioo, niamini, nilikwisha kukipiga kabla hajabisha hodi. Nikakaa sakafuni. Si mama yangu, nimeulizwa sana. Simjui kabisa.

Nilidhani watu watanikimbia. Wapi! Walikuja. Walikuja wa Mwanga, wakaja wa Ilagala, wakaja na wageni wao wa kutoka Kongo, kila mmoja na simu mkononi. Wanakitazama kioo chenyewe, wanajiona wao. Wanakitazama cha kwenye simu, wanamwona yeye. Wakishashangaa wanasikia njaa, na hapo ndipo ninapowapata mimi. Ikabidi niazime viti msikitini. Fundi cherehani aliacha cherehani, akawa anasimulia kwa wateja kana kwamba alimwona.

Ramadhani akaja juu. "Futa hiyo picha! Unaitia nyumba mkosi, nani atainunua?"

"Sifuti, kaka. Nilimwambia akae mpaka achoke mwenyewe."

Akamleta mnunuzi. Bwana mkubwa, kanzu safi, anacheka. "Mama, haya mambo ya simu tunayajua, mnayatengeneza," akaniambia, akafungua picha kwenye simu yake mwenyewe akiwa amekaa meza ya pembeni. Nikamwona anaacha kucheka. Akaisogeza simu karibu na macho. Nikachungulia begani kwake. Mama yule hakuwa anatabasamu. Alikuwa amenyoosha mkono, anamwonyesha mlango.

Bwana alitoka bila kuaga, ameacha hata kofia.

Ramadhani akaichukua simu yangu aangalie mwenyewe. Alichokiona hajaniambia hadi leo. Aliiweka simu mezani kifudifudi, akasema, "Endelea na kazi yako, dada. Nyumba haiuzwi." Nililia palepale mbele ya wateja, nikapiga na kigelegele.

Nilipopaka rangi mpya nilipiga picha nyingine, nikakiondoa kioo nione itakuwaje. Alitokea kwenye kioo cha kabati la chapati, amenuna. Nilikirudisha mahali pake na kumwomba radhi kwa sauti, jikoni wakanisikia.

Kwa hiyo wewe mwenye saluni, mwenye gesti, mwenye duka la vitenge, piga picha ya duara, inaleta watu, nakuhakikishia. Lakini ukisikia hodi ukiwa katikati ya kuzunguka, acha picha iharibike. Geuka, mwone mtu kwa macho, ndipo umkaribishe. La sivyo, uwe tayari kuishi naye maisha yako yote. Mimi wa kwangu nimemkubali, na kila ninapofungua mlango asubuhi ninamsalimia yeye kwanza.