Dakika na Saa Yake ya Plastiki

Nimefagia wodi ya wazazi miaka kumi na moja, na sijaona mtu asiyetulia kama mkunga wetu mkuu. Hakai. Chai anainywa amesimama, tena nusu kikombe. Tulimpachika jina la Dakika, naye wala hakukasirika, maana hata nafasi ya kukasirika hakuwa nayo.

Kilichotuchekesha zaidi ni saa yake. Saa nyeusi ya plastiki, ya tarakimu, ile inayouzwa na wachuuzi kwenye trei moja na vitana na betri. Mkanda ulikatika, akaushona kwa uzi uleule wa kushonea wagonjwa. Mwanawe wa kiume alimletea saa ya rangi ya dhahabu, ya kuringia hasa. Akanawa nayo mikono siku mbili, ya tatu kioo kikaingia ukungu, ikafa. Akaifungia kabatini na kurudia plastiki yake. "Hii inaoga na mimi," alisema. Nikamtania kwamba siku akifa tutamzika nayo. "Fagia wewe," akanijibu.

Lakini kazi ya hiyo saa niliijua. Saa ya ukutani ilishakufa zamani, na simu huwezi kuishika kwa mikono yenye damu. Kila mtoto aliyezaliwa pale, dakika yake ilisomwa kwenye mkono wa Dakika. Kuna daktari aliwahi kumwambia aandike tu saa nne kamili, dakika mbili zina nini. Walikorofishana mpaka daktari wa watu akatoka nje.

"Mtoto asipovuta pumzi kwenye dakika ya kwanza, tunaweza kumpoteza," Dakika alimwambia. "Wewe unanigawia mbili za bure."

Basi akaletwa binti yake wa pekee kujifungua. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu mama mtu alikuwa ameibeba rohoni miezi yote tisa. Hakuingia. Sheria aliiweka mwenyewe: mkunga hamzalishi mwanawe, mkono wa mama unatetemeka. Akamwachia msaidizi wake, msichana aliyefundishwa naye, akabaki na mimi kwenye korido. Ilikuwa asubuhi, napiga deki.

Alinichafulia sakafu yote. Anakwenda mpaka dirishani, anarudi, anatazama saa, anatega sikio mlangoni. Binti akiguna ndani, mama huku nje anapaza sauti: "Dakika tatu tangu uchungu uliopita." Mara tena: "Mbili na nusu sasa, mnasikia?"

Mlango ukafunguka. Msaidizi akatoa mkono.

"Mama, nisamehe. Naomba hiyo saa. Mimi naihitaji, na wewe inakuumiza."

Akaivua. Nilidhani atatulia, ndiyo kwanza akazidi. Akaniuliza saa ngapi mara nne, mimi ambaye sijamiliki saa maisha yangu yote. Alikuwa anakiminya kifundo cha mkono kilichobaki kitupu. Nilimhurumia mpaka nikaacha deki.

Kisha tukamsikia binti akisukuma kwa sauti ndefu, na msaidizi akasema, "Ametoka." Halafu kimya. Kilio hakuna.

Dakika akaanza kuhesabu. Saa hakuwa nayo, ila miaka ya kuitazama ilikuwa imemwingia kichwani. Moja, mbili, tatu, kwa mwendo ule ule, hapunguzi wala haongezi. Ndani vyombo viligongana. Msaidizi aliomba mfuko wa kumpulizia mtoto pumzi, akawa anasema, "Njoo, mtoto, njoo." Thelathini. Arobaini. Nilikuwa nimemshika mkono na nilitamani kumziba mdomo. Hamsini. Hamsini na tano. Hamsini na tisa.

Sitini hakuitaja.

"Hamsini," akasema.

Nikamtazama. Naye akanitazama, macho yamejaa machozi, akaendelea: "Hamsini na moja. Hamsini na mbili." Nikaanza kuhesabu naye. Tulipofika hamsini na tisa tukarudi tena hamsini, wote wawili kwa pamoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Tulirudi mara tatu. Mara ya nne, tukiwa kwenye hamsini na nne, mtoto akalia.