Kipimajoto Kilikuwa Mfukoni Mwake

Jumanne asubuhi nilikuwa nimeketi kwa mwenye bucha mmoja hapa Majengo, Meru, nikisubiri maini ya kukaanga na chai, mtoto wa dada yangu aliponipigia simu. Hakunisalimu. "Anko, mwalimu ameenda," akasema. Nikamuuliza mwalimu gani, maana katika ukoo wetu ukirusha jiwe utampiga mwalimu. "Ule wa nyanya," akanijibu, nami nikamsikia anavyojizuia kulia. Maini yalipoletwa nikayasukuma pembeni. Marehemu hakuwa rafiki yangu. Tulizungumza mara moja tu maishani, tena kwa simu, na mazungumzo yenyewe hayakuisha vizuri. Lakini nilikuwa na deni la kumwomba radhi, na nimekaa na radhi hiyo miaka kadhaa nikijiambia nitampelekea mwezi ujao. Miezi yote ijayo imekwisha.

Kufikia adhuhuri chuo alichofundisha kilikuwa kimetoa tanzia. Sitakitaja chuo, maana kinajijua, na ndugu zake wamejaa kila mlima. Tanzia ilimwita nguzo, taa, mlezi wa vizazi, msomi asiye na kifani. Niliisoma mara mbili nikacheka hadi mwenye bucha akadhani nina habari njema. Huyu asiye na kifani ndiye waliyemnyang'anya kozi yake, wakamhamishia kwenye chumba nyuma ya stoo ya mbolea, wakamwacha huko ahesabu majembe mpaka akastaafu mwenyewe. Kwetu mtu hupewa sifa zake zote kwa mpigo siku ambayo hawezi tena kuuliza mlikuwa wapi nazo.

Kozi yenyewe ilikuwa ya usimamizi wa vivungulio, zile nyumba za karatasi ya nailoni ambamo nyanya na pilipili hoho hulelewa kama watoto wa tajiri. Siku ya kwanza ya muhula aliwaambia wanafunzi masharti yake, wala hayakuwa mengi. Nusu ya alama ni mtihani. Nusu ya pili ni kufika. Kila mmoja atapewa mstari wake wa nyanya na zamu zake za asubuhi. Akiwa zamu, saa moja unusu awe ndani ya kivungulio, asome kipimajoto kilichoning'inia kwenye nguzo ya kati, aandike joto katika daftari lililo mlangoni, atie sahihi, na jua likipanda akunje mapazia ya pembeni ili hewa ipite. Anayemtilia mwenzake sahihi, wote wawili wamepata sufuri. Mtoto wa dada yangu alinisimulia hayo jioni ile kama mtu anayesimulia habari za gerezani. "Anko, hii ni chuo ama ni bording?" aliniuliza. "Si tuko watu wazima?"

Watu wazima! Utu uzima wao niliujua vizuri, maana ndio uliokuwa wangu nilipokuwa chuoni. Darasa la watu arobaini, waliofika tisa, na karatasi ya mahudhurio ina sahihi arobaini, nyingine zimepigwa kwa mkono wa kushoto ili zisifanane. Tulikuwa na mwenzetu aliyeweza sahihi za watu kumi na wawili, tukimheshimu kuliko profesa. Hakuna aliyeona kosa. Wahadhiri wenyewe walipenda hivyo, maana darasa lililojaa kwenye karatasi halimuulizi mhadhiri mbona na yeye alichelewa. Kila mmoja alimfunika mwenzake, na tukahitimu tukiwa tumefunikana vizuri.

Katikati ya muhula ule marehemu alikitoa kipimajoto kwenye nguzo yake akakitia mfukoni mwa koti, aende nacho nyumbani Kibugu akakilinganishe na kingine alichokuwa nacho, kwa kuwa alishuku kinadanganya. Kibugu ni huko juu Embu, kwenye majani chai, karibu na msitu, ambako baridi huingia hadi kwenye godoro. Mafua yakamshika, akalala siku tisa. Hakumwambia mtu habari za kipimajoto kwa sababu alikisahau, kiko kwenye koti, koti liko msumarini. Siku ya kumi akarudi kazini, akafungua daftari la mlangoni, akasoma. Siku zote tisa zilikuwa zimejazwa. Nyuzi kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na sita na nusu. Kuna fundi mmoja aliandika kumi na saba nukta mbili, ilhali kipimajoto kile hakikuwa na vistari vya kukuonyesha nukta mbili hata ukikiramba. Aliyesema kweli alikuwa mmoja tu, msichana mkimya wa kutoka upande wa Mbeere, ambaye katika zamu yake aliandika: "Kipimajoto hakipo. Nimesikia joto usoni, nimefungua mapazia."

Marehemu hakupiga kelele. Aliingia darasani, akatoa kipimajoto mfukoni, akakiweka mezani, akawauliza kwa upole kama kuna anayekikumbuka. Kisha akawasomea daftari lote, siku kwa siku. Wote waliopika joto walipata sufuri katika ile nusu ya kufika, na kwa sufuri hiyo walianguka kozi. Mtoto wa dada yangu alikuwa mmoja wao. Ile kumi na sita na nusu ilikuwa yake. Aliniambia alifikiria sana kabla ya kuiandika, akaona inafaa kwa asubuhi ya Julai. Nami, Mungu anisamehe, nikaona kweli inafaa.

Kuanguka kozi kulimaanisha kutohitimu mwaka ule, na dada yangu alikuwa ameshawaalika watu. Alikuwa ameongea na mchungaji, amechagua mbuzi, ameshona nguo ya rangi moja na akina mama wenzake wa kanisa. Alinipigia akilia kana kwamba amefiwa na binti. "Wewe si unaandikanga kwa gazeti?" akaniambia. "Sasa hiyo kalamu ni ya nini kama mtoto wetu anaonewa?" Basi nikaandika. Wasomaji wangu wa zamani mnaikumbuka safu ile, maana mliipenda. Nilimwita bwana jela wa nyanya. Nilisema anawatega watoto wa wakulima kwa kuficha vifaa. Niliuliza kwa kejeli kama shahada siku hizi hutolewa kwa kuamka mapema, kwa maana hiyo jogoo wote wa Embu wapewe majoho. Nilijisikia mkali sana. Wiki mbili baadaye chuo kikaketi, kikaona gazeti, kikaona wazazi, kikaongeza alama kwa darasa zima "kwa sababu za kibinadamu", na kozi akapewa mtu mwingine ambaye hakupenda matope.

Ndipo aliponipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyezoea kuongea na mimea. "Nimesoma gazeti," akasema. "Umeandika vizuri, watu wamecheka. Nilitaka tu kukuuliza, ulifika kwa grinhausi?" Nikamwambia sikufika, lakini niliambiwa na mtu aliyekuwepo. "Aliyekuwepo ni nani?" akauliza. Nikataka kumtaja mtoto wa dada yangu, nikakumbuka naye hakufika. "Basi na wewe umeandika joto tu," akasema, "na kipimajoto nilikuwa nacho mimi." Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, nikakata simu. Nilikasirika wiki nzima, na leo naweza kusema kwa nini. Alikuwa amenishika mahali penyewe.

Mtoto wa dada yangu alihitimu, mbuzi akaliwa, picha zikapigwa. Baada ya miezi akapata kazi ya kusimamia vivungulio viwili vya kikundi cha akina mama kule Kianjokoma. Karatasi zake zilikuwa safi kabisa. Msimu wa kwanza, nyanya zikiwa zimechanua manjano kote, akaanza kuchelewa. Wiki moja ya jua kali hakufika asubuhi hata mara moja, mapazia yakabaki yamefungwa, na daftari alilowekewa na kikundi akalijaza akiwa kitandani, siku zote saba, kwa kalamu moja. Nyanya hazisomi daftari. Maua yaliungua kwa joto yakapukutika yote, yakalala chini kama chenga za mahindi. Wale akina mama walikuwa wamebeba maji kwa mgongo miezi miwili. Mwenyekiti wao alilifungua daftari, akaangalia maua, akaangalia daftari tena, akamuuliza: "Sasa mwanangu, hii degree mlisomea wapi, kwa simu?" Binti alikuja kwangu akaketi jikoni akalia siku nzima. Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu.

Asubuhi iliyofuata alipanda Kibugu peke yake. Alimkuta marehemu, mstaafu sasa, katika kivungulio chake kidogo cha miti ya kujikatia, nyuma ya shamba la chai. Akamwambia jina lake na kosa lake. Marehemu akamjibu kwamba analikumbuka, yeye ndiye wa kumi na sita na nusu. Akampa mstari mmoja wa nyanya na saa ileile, saa moja unusu. Binti alipanga chumba huko, akafika kila siku msimu mzima. Siku ya kwanza alipouliza kama mwishoni atapata cheti, mzee alisema, "Cheti si unacho? Mimi nakuongezea tu ile kitu cheti inasema uko nayo." Msimu ulipoisha alirudi Kianjokoma, akapiga magoti mbele ya wale akina mama, wakampa kivungulio kimoja kumjaribu. Leo anavyo vinne. Ukitaka kumwona, usimpigie simu asubuhi, hashiki.

Nimeyafikiria hayo siku hizi nne na nimetuonea aibu sisi sote. Tumejenga nchi ya sahihi. Mkutano wa wazazi, sahihi zimejaa na viti ni vitupu. Mkaguzi wa barabara ametia sahihi na hakushuka kwenye gari. Muuguzi ameandika presha ya mgonjwa ambaye hajamshika mkono. Afisa wa kilimo amemtembelea mkulima ambaye hajawahi kumwona kwa macho. Na mtu mmoja akisema jamani, tufike tu, fika uone kilichopo uandike ulichoona, tunamwita katili, tunamtafutia mwandishi wa kumfanya kichekesho mbele ya watu. Mwandishi huyo, nasikitika, huwa hakosekani.

Mazishi yalikuwa Ijumaa, huko huko Kibugu, na nilikusudia kwenda mapema. Nilikusudia kweli. Lakini nilipofikiria kumtazama mjane wake usoni, miguu ilinigeukia Majengo, kwa mwenye bucha, nikaagiza chai, nikaagiza nyingine, nikasoma gazeti hadi matangazo ya zabuni. Nilipoondoka Meru jua lilikuwa limeshapanda sana. Njiani nikampigia mtoto wa dada yangu. Nikamwambia nimechelewa kidogo, kitabu cha waombolezaji kikipitishwa aniandikie jina langu, wasije wakasema sikuja. "Anko," akasema, "hapana. Kwa huyu, hapana. Kuja uandike mwenyewe." Nilishikwa na hasira ileile ya zamani, ya mtu aliyeguswa penyewe.

Nilifika hema linashushwa, sufuria za githeri zinaoshwa, udongo umeshalainishwa kwa mgongo wa sepetu na maua yamechomekwa. Kitabu kilikuwa kwenye meza ndogo mlangoni. Nilikifungua ukurasa wa chuo chake. Majina kumi na moja, ya wakuu na ya wasaidizi wa wakuu, mwandiko mmoja, wino mmoja, kila sahihi imepindwa kidogo kidogo ili zisifanane. Nikamuuliza mtoto wa dada yangu walioketi upande wa chuo walikuwa wangapi. "Wawili," akasema. "Dreva na yule aliyeandika." Nilitaka kucheka nikashindwa. Hata kaburini wamempikia joto.

Nikachukua kalamu. Nikaandika jina langu, na pale pa maneno ya rambirambi, ambapo wenzangu walikuwa wameandika nguzo na taa, nikaandika: "Nimefika saa nane na dakika ishirini. Amekwisha kuzikwa. Nilikuja kuomba radhi." Mtoto wa dada yangu alikuwa amesimama begani pangu akisoma. Nikamuuliza, nusu mzaha, mwalimu angenipa ngapi.

"Sufuri," akasema bila kusitasita. Kisha akanishika mkono, maana aliona uso wangu. "Lakini kwa sababu umeandika ukweli, angekuruhusu kurudia."

Nikatazama udongo ule mbichi, nyuma yake kivungulio kidogo cha miti ya kujikatia, mapazia yake yamekunjwa vizuri na mtu aliyefika asubuhi. Msomaji wangu, kama kuna mtu unayemdai au anayekudai neno, ondoka leo umwendee kwa miguu yako, umkute yuko. Mimi nimeruhusiwa kurudia, na mwalimu hayupo.