Taa ya petroli ilivyonifungisha ndoa katikati ya barabara ya Yiti

Wakuu, habari za mchana. Miaka yote nasoma vituko vyenu nacheka peke yangu, leo zamu yangu. Hiki ni kisa cha kweli tupu, na mashahidi wapo hai, wengine wamo humu humu.

Ni mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Maskati, Omani. Mimi mzaliwa wa Unguja, nimekulia huku, kazi yangu ghala la vifaa vya ujenzi Rusayl. Nikapata mchumba Yiti, kijiji cha pwani nyuma ya milima.

Baba yake, Mzee Nasor, alinikubali shingo upande. Tena alitaka nikaha aifungishe sheikh wake mmoja tu, ambaye siku hiyo hiyo ya harusi baada ya Alasiri alikuwa anaondoka kwenda Umra.

Tukimkosa, tungoje arudi. Na Mzee Nasor akipata muda wa kufikiri upya, mimi kwisha habari yangu.

Msafara ukatoka kwetu Azaiba. Mbele gari ya Ami Seif, mdogo wake marehemu baba, mimi pembeni yake na jambia kiunoni. Desturi yetu, gari ya bwana harusi haipitwi. Ikisimama, wote wanasimama.

Hatujafika mbali, taa ya mafuta ikawaka.

"Ami, taa hiyo."

"Naiona. Taa hii mbea tu, tangu nlipoinunua gari haiishi maneno."

Ikatokea sheli ya mwisho kabla ya milima. Nikamwambia tuingie. Akanikata jicho.

"Msafara mzima wa harusi ukapange foleni sheli? Watu watatucheka! Kaa utulie, bwana harusi."

Akazima AC, eti anabana matumizi. Wakuu, joto la Maskati nyie mnalisikia tu. Kila mteremko anaweka gia free gari ijiteremkie, kila mwinuko anapiga bismillahi.

Mwinuko mmoja mkali, gari ikakohoa, ikazima.

Magari yote nyuma yakasimama. Hakuna wa kutupita, desturi! Wale wa mwisho, hawana habari, wakadhani tumesimama makusudi tucheze. Wakashuka, wakaanza kuimba na kupiga makofi.

Mimi simu haishiki mtandao, Alasiri imeshapita. Nilitaka kulia, sisemi uongo.

Nikashuka niombe gari ya nyuma inikimbize. Mara pikapu inakuja kutoka upande wa Yiti. Ndani Mzee Nasor, pembeni yake sheikh na begi lake la safari. Alikuwa anamuwahisha uwanja wa ndege.

Akashuka, akatazama watu wanavyocheza.

"Sie tunakungojeni, nyie mnapiga ngoma njiani?"

Ami Seif akaanza hadithi ya injini kuchemka. Nikasema, "Baba, petroli imekwisha."

Mzee akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Nlidhani umegeuza nia. Mwanangu nimemwacha analia."

Sheikh akatazama saa yake. "Nasor, ndege hainingoji. Ridhaa ya binti nishaisikia kwa masikio yangu. Walii wake ni wewe baba, upo, mume huyu hapa, mashahidi barabara nzima. Tunangoja nini?"

Wakuu, nikaha yangu ikafungwa pale pale, msala umetandikwa kwenye changarawe, mkono wangu ndani ya mkono wa baba mkwe. Nilivyokubali kwa sauti, hata wa gari la mwisho walisikia.

Tukavuta petroli kwa mpira kutoka gari nyingine, tukafika Yiti. Nikaingizwa ndani. Yule binti macho mekundu, hajui lolote, akaniambia, "Umechelewa. Sheikh keshaondoka."

Nikamwambia, "Nishakuoa."

Ami Seif mpaka leo anajisifu kwamba kaniozesha yeye.

Funzo: taa ikiwaka ingia sheli, hata uwe na msafara wa harusi nyuma yako. Si kila anayezimikiwa atakutana na mkwe njiani.

Haya, wewe gari ilikuzimikia wapi, na nani alikuwa anakungoja?