Mtaalamu wa Utupu

Mchumba wa binti yangu ni mwalimu wa fizikia, na kila sebule aingiayo huigeuza darasa. Akizungumza hutanua viganja vyake laini kana kwamba amebeba tikiti, kisha huchungulia katikati, pasipo na kitu, na kutabasamu. Sauti yake ni nyembamba, na kila jibu lake huanza na "kimsingi". Alipokuja kujitambulisha, nilimwita shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, aje amkatalie kwa heshima, maana ukoo wetu hauozeshi vichekesho. Shemeji akaanza kwa kumuuliza kazi yake.

"Kimsingi, baba, nachunguza utupu."

Shemeji akaweka kikombe chini. "Utupu wa nani, kijana?"

"Wa kila kitu, baba. Hata mama hapa, karibu mwili wote ni utupu. Na utupu wenyewe hautulii, unachemka."

Nilivuta mtandio wangu. "Sema ombwe, mwanangu. Neno lipo."

"Ombwe halitoshi, mama." Akatanua viganja, akachungulia. "Binti yako ananielewa. Utupu tunausoma pamoja kila Jumamosi, chumbani kwangu."

Shemeji hakukataa tena. Aliomba itajwe tarehe ya harusi, tena ya karibu.