Magazini ya Luger Iliyonipatia Mke

Mwenzenu nilipata mke kwa sababu ya magazini yenye kutu, kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola. Msicheke kwanza.

Naitwa Emmett Kolesar, wa Youngstown, Ohio. Babu yangu alirudi kutoka vitani Ujerumani na bastola aina ya Luger ndani ya soksi. Baba yangu, Bernard, akairithi, na hapo ndipo wazimu wa kukusanya bastola za Wajerumani ulipompanda.

Luger ile ilikuwa namba 4417, na herufi ndogo d pembeni. Kila kipande chake kina namba hiyohiyo. Kila kipande, isipokuwa magazini. Babu aliipoteza hukohuko.

Kwa wakusanyaji, hilo ni donda. Bila magazini yake ya kuzaliwa nayo, bastola ile ilikuwa ya dola elfu mbili. Ikipata yake, bei inaruka vibaya sana. Baba akawa anapindua magazini za watu kwenye kila mnada kama mama anayechagua nyanya.

Siku moja tuko kwenye onyesho la silaha, mzee wa meza ya jirani, Delmar Pruitt, akachungulia Luger yetu. Akafungua kisanduku, akatoa magazini chakavu.

"Soma hapo kwenye kitako," akamwambia baba.

4417. Herufi yake ilikuwa imezikwa chini ya uchafu mgumu.

Kuisafisha? Thubutu. Kwa watu hawa, ukisugua kitu cha vita umekiua bei. Basi herufi wakaipa d wenyewe, kwa mapenzi tu.

Baba akachomoa pochi. "Niuzie. Dola arobaini."

"Arobaini? Niuzie wewe hiyo bastola."

"Una kichaa, mzee."

"Basi nitazikwa nayo."

Ikawa uadui wa miaka. Kila onyesho wanakutana, hawasalimiani.

Shida ni kwamba nyuma ya meza ya Mzee Pruitt alikuwa anakaa binti yake, Lorna, akipanga mikoba ya bastola. Nilimwona siku ileile ya kwanza, nikaisha kabisa.

Tulipendana kwa siri mpaka wazee wakajua. Baba akanifokea, "Wanawake wote wa Ohio, wewe umemwona wa kwa Pruitt tu?"

Mzee Pruitt naye akasema hampeleki binti yake madhabahuni kwa watu wa dola arobaini. Na Lorna akaniambia wazi, "Baba asiponishika mkono kanisani, siolewi."

Nilikonda, jamani. Nilijua huyu nikimkosa sipati mwingine.

"Tulia wewe," Lorna akaniambia. Akawakalisha wazee wote wawili jikoni kwetu.

"Hakuna kuuziana," akawaambia. "Mzee Kolesar atatoa bastola, baba atatoa magazini. Ziwe zawadi ya harusi. Zitakaa kwetu, nyinyi mtakuja kuzitazama kila Jumapili."

Baba akauliza kwa sauti ndogo, "Zitakaa pamoja?"

"Pamoja."

Mzee Pruitt akatoa leso, akapenga kamasi. Harusi ikakubaliwa.

Sasa njoo ukumbini. Meza nzima imejaa biskuti za mashangazi, kama desturi ya kwetu. Tumeshafunga ndoa, na wazee wamesimama karibu na keki, Luger ipo juu ya kitambaa cha mahameli, haina hata risasi. Mzee Pruitt akainua magazini aichomeke mbele ya watu wote. Ikamponyoka.

Magazini ikatumbukia kwenye keki, krimu ikawarukia wazee usoni.

Shangazi Dolores, ambaye bastola kwake ni vyuma tu, akaichomoa, akakimbia nayo jikoni. Alipotoka, inameremeta.

"Ilikuwa na uchafu balaa," akasema. "Nimewasugulia kwa sabuni na chuma cha kusugulia sufuria."

Baba alishikilia kiti asianguke. Mzee Pruitt akasogeza kitako machoni.

"Ni a," akasema.

"A nini?"

"Herufi. Yako ni d. Hii ni a."

Wajerumani walikuwa wakifika elfu kumi wanaanza kuhesabu upya kwa herufi nyingine. Kwa hiyo hii ilikuwa magazini ya bastola nyingine kabisa.

Nikaona ndoa yangu inaota mbawa kabla sijaonja keki.

Baba akasema polepole, "Miaka yote hii nimekununia kwa magazini ya mtu mwingine?"

Mzee Pruitt akaanza kucheka. Baba akafuata. Wakacheka mpaka wakakaa chini, krimu mpaka kwenye nyusi.

"Kuna mtu huko ana 4417 a," Mzee Pruitt akasema akifuta machozi.

"Na mwingine ana magazini yangu."

"Jumamosi kuna onyesho Pittsburgh."

"Gari lako au langu?"

Tulipoondoka, nikamwambia Lorna, "Bahati yetu hakuna aliyeisafisha mapema."

Akatabasamu. "Niliisafisha mimi, nikiwa na miaka kumi na mbili. Nikaona a. Nikaogopa kipigo, nikairudishia uchafu kwa gundi na vumbi la kutu."

"Na siku ile kwenye onyesho, mbona hukusema?"

"Nilifungua mdomo niseme," akajibu. "Halafu nikakuona umesimama nyuma ya baba yako."

Basi mkusanyaji mwenzangu, kabla hujakosana na mtu kwa sababu ya kitu, kisafishe kwanza ukisome vizuri. Ila kama nyuma ya meza yake kuna binti anakutazama, kiache na uchafu wake.